Sikio la Bibi Kizee: Mkono wa Mhariri katika Ngano za Wajerumani na za Wasukuma

Ikisiri

Makala hii inawatazama wakusanyaji wa ngano wa Kijerumani, kuanzia ndugu Jacob na Wilhelm Grimm hadi wanaisimu na wamisionari waliofanya kazi Afrika Mashariki, kutokea mahali ambapo kwa kawaida hawatazamwi: Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita. Mabadiliko ambayo Wilhelm Grimm aliyafanya katika matoleo ya Kinder- und Hausmärchen yanalinganishwa na yale ambayo mwandishi wa makala hii aliyafanya mwenyewe katika ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we. Inadaiwa kwamba uhariri wa kimyakimya haukati popote tu: huanza na lalamiko la mhusika aliye dhaifu, na mara nyingi hilo ndilo lililomfanya msimulizi aisimulie ngano kwa namna yake.

Utangulizi

Msomaji aliyelelewa Usukumani hahitaji kutambulishwa kwa Masala Kulangwa, lakini kwa ajili ya wengine nitaidokeza ngano yake. Zimwi liitwalo Shing'weng'we liliwameza watu wote pamoja na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha katika lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, naye alipopata akili akamwuliza mama yake watu wengine wako wapi. Alipoambiwa, akaanza kuwinda. Akaua panzi, akamletea mama: je, huyu ndiye? Siye. Akaua ndege; siye. Akaua swala, siye. Mwishowe akalikabili zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai. Katika kupasua huko, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani. Watu wakashangilia na kumtawaza kijana kuwa mtemi. Bibi kizee hakushangilia. Alikasirika, akataka kumroga mwokozi wake, na mambo hayakutulia mpaka ilipopatikana dawa ya kuliponya sikio.

Jina la shujaa lina fasiri yake ndani: masala ni akili, na kulangwa ni kufundishwa.

Mwaka 1998, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, niliirekodi ngano hii kwa bibi mmoja katika kijiji kilichoko kusini mwa mji wa Shinyanga. Katika nakala niliyoiambatisha kwenye tasnifu yangu, ngano inakwisha kwa shangwe na utemi. Sikio halimo. Si kwamba sikulisikia. Nililisikia, nikalinukuu katika daftari la uwandani, kisha nikaliacha nilipokuwa nikipiga chapa. Sababu ninayoikumbuka ni nzuri. Katika miaka hiyo vikongwe wa Shinyanga walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu, ambayo kwa wengi wao yalitokana na miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe penye uhaba wa kuni, yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mesaki alikwisha kuandika kwa kina kuhusu mauaji hayo. Nilijiambia kuwa bibi kizee anayetaka kumroga kijana aliyemwokoa ni kuni nyingine katika moto uliokuwa ukiwaka, na kwamba mtafiti mwenye dhamiri hawezi kuzichochea.

Leo sidhani kwamba uamuzi ule ulikuwa wa dhamiri peke yake. Niliufanya bila kusema kuwa nimeufanya. Hakuna tanbihi, hakuna nukta za kuonyesha pengo, na kwenye safu ya msimulizi niliandika tu: mwanamke, Msukuma, umri takriban miaka 70. Mtu aliyenifundisha kuandika hivyo hakuwa Msukuma wala Mtanzania. Ili kuueleza mkono wangu mwenyewe, sina budi kurudi Kassel.

Kassel: kitabu na pambizo lake

Jacob Grimm alizaliwa Hanau mwaka 1785, na Wilhelm mwaka 1786. Wote wawili walisoma sheria Marburg kwa Savigny, na walianza kukusanya ngano kwa ajili ya Brentano na Arnim, waliokuwa wakichapisha mkusanyiko wa nyimbo za watu wa kawaida. Mwaka 1810 walimpelekea Brentano nakala ya ngano walizokuwa nazo. Brentano hakuitumia, wala hakuirudisha. Nakala hiyo ilikuja kuonekana baadaye sana katika monasteri ya Ölenberg huko Alsace, na kwa ajali hiyo tunaweza kufanya jambo ambalo ni nadra katika historia ya fasihi simulizi: kuiweka rasimu ya mkusanyaji kando ya kitabu chake.

Juzuu la kwanza la Kinder- und Hausmärchen lilitoka mwaka 1812 likiwa na ngano 86, na la pili mwaka 1815 likiwa na 70. Toleo la saba, la mwaka 1857, ndilo la mwisho lililopita mikononi mwa Wilhelm, na ndilo ambalo dunia nzima inalijua: ngano 200 na visa vya watakatifu 10. Kati ya 1812 na 1857 mna miaka 45 ya uhariri. Toleo dogo la mwaka 1825, lenye ngano 50 zilizochaguliwa kwa ajili ya watoto, lilichangia sana kuamua ni uhariri wa namna gani.

Mifano ya uhariri huo inajulikana, na nitataja michache tu inayonihusu. Katika toleo la 1812, Rapunzel anamwuliza mchawi aliyemfungia mnarani kwa nini nguo zake zimeanza kumbana. Msomaji anaelewa kuwa msichana ni mjamzito, naye mwenyewe haelewi. Matoleo ya baadaye yalimpa swali jingine lisilo na mimba ndani yake. Mama mzazi wa Theluji Nyeupe, aliyemwonea wivu binti yake wa tumbo katika toleo la kwanza, aligeuzwa kuwa mama wa kambo mwaka 1819. Mama wa Hänsel na Gretel alichelewa kugeuzwa. Ukambo ulimfikia mwaka 1840.

Mfano huu wa mwisho unastahili kukaa nao kidogo. Katika umbo lake la awali ngano ya Hänsel na Gretel inahusu njaa. Hakuna mkate nyumbani, na mama aliyewazaa watoto hao ndiye anayeshauri waachwe msituni. Hilo ni jambo la kutisha, na linatisha kwa sababu linawezekana: nchi za Ulaya ya kati zilijua njaa ya namna hiyo, na hata sisi wa Kanda ya Ziwa hatukosi wazee wanaokumbuka miaka ambayo chakula kiligawanywa kwa macho makavu. Mama anapogeuzwa kuwa wa kambo, njaa inabaki katika sentensi ya kwanza lakini inapoteza kazi yake. Kosa linahama kutoka ghalani na kuingia katika moyo wa mwanamke mbaya. Wilhelm alidhani anailinda heshima ya mama. Alichokifanya ni kuliondoa lalamiko la maskini na mahali pake kuweka mshtakiwa.

Maria Tatar (1987) ameonyesha kuwa mkono huohuo uliofuta mimba haukuogopa damu. Adhabu za waovu ziliachwa, na mahali pengine zikakolezwa. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba Wilhelm alizisafisha ngano kwa ajili ya watoto. Inatupasa kuuliza ni uchafu wa nani ulioonekana kuwa uchafu.

Upande wa pili ni wa wasimulizi wenyewe. Picha tuliyozoea ni ya ndugu wawili wakipita vijijini na kuketi mekoni mwa wakulima. Ukweli ni kwamba wengi wa waliowasimulia walikuwa wasichana waliosoma, wa familia za mjini: akina Wild, waliokuwa na duka la dawa jirani na Wilhelm na ambao binti yao Dortchen alikuja kumwoa mwaka 1825, na akina Hassenpflug, wenye asili ya Wahuguenot wa Ufaransa. Dorothea Viehmann, ambaye picha yake ilitiwa katika toleo la 1819 kama mfano wa mkulima mwanamke wa Hesse, alikuwa mke wa fundi cherehani na binti wa mwenye nyumba ya wageni, naye pia alikuwa na damu ya Wahuguenot. Tena Kassel ya miaka ile ilikuwa makao makuu ya ufalme wa Westphalia chini ya Jérôme Bonaparte, na Jacob alikuwa mkutubi wa mfalme huyo. Kitabu kilichosifiwa kuwa sauti safi ya Ujerumani kilikusanywa na mwajiriwa wa Mfaransa, kwa sehemu kubwa kutoka vinywani mwa wajukuu wa Wafaransa. Silisemi hili kwa kejeli. Ngano ndivyo zilivyo, hazina pasipoti.

Kinachonishughulisha zaidi ni pambizo. Katika nakala yao binafsi ya kitabu, ndugu Grimm waliandika kwa mkono majina ya waliowasimulia ngano mbalimbali. Walijua, basi, na waliona kuwa ni jambo la kukumbukwa. Lakini majina hayo hayakuvuka kutoka pambizoni hadi kwenye ukurasa uliochapwa, ambako msomaji alipewa maelezo ya jumla ya mahali: Hesse, eneo la mto Main, eneo la Paderborn. Matokeo yake, kwa miongo mingi wataalamu waliamini maelezo ya Herman, mwana wa Wilhelm, kwamba jina Marie katika pambizo lilikuwa la mtumishi mzee wa nyumba ya akina Wild. Ilipofika mwaka 1975 Heinz Rölleke alionyesha kuwa Marie huyo alikuwa Marie Hassenpflug, msichana wa familia ya afisa wa serikali. Jina moja lisilochapwa liliweza kuzaa bibi kizee ambaye hakuwahi kusimulia ngano hizo.

Si kila Mjerumani alifanya hivyo. Franz Xaver von Schönwerth, aliyekusanya huko Oberpfalz na kuchapisha juzuu tatu kati ya 1857 na 1859, aliziacha ngano zake zikiwa na makunyanzi yake. Kitabu chake hakikupata soko. Sehemu kubwa ya makaratasi yake ilikaa Regensburg mpaka Erika Eichenseer alipoanza kuichapisha katika karne hii.

Berlin, Hamburg na Unyamwezi

Ngano za kwetu zilipoanza kukusanywa na Wajerumani, mfano wa Kassel ulikuwa umekwisha kuwa desturi ya taaluma. Lakini lengo lilikuwa limebadilika. Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa Berlin mwaka 1887 ilifundisha, pamoja na wengine, maofisa na askari waliokuwa wakielekea makoloni. Ngano waliyoitafuta ndugu Grimm ilikuwa roho ya taifa. Ngano iliyotafutwa na Seminari ilikuwa zoezi la kusoma.

Carl Velten ndiye mfano ulio karibu nasi zaidi. Alikuwa mkalimani katika serikali ya kikoloni mjini Dar es Salaam kabla ya kurudi Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1898 alitoa Märchen und Erzählungen der Suaheli, mwaka 1901 Safari za Wasuaheli, na mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli. Huohuo mwaka 1901 alitoa pia sarufi ya Kinyamwezi, lugha pacha ya Kisukuma. Mtu mmoja, kwa kipindi kisichozidi miaka 6, aliweka katika maandishi kiasi ambacho bado tunakitegemea, na mwanaisimu asiyemshukuru ni mwongo. Mimi nimemtumia tangu nikiwa mwanafunzi.

Hata hivyo, tazama jalada. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika Seminari hiyo ya Berlin. Kwa miaka karibu 80 kitabu kilitajwa kwa jina la Velten, mpaka tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ya mwaka 1981 ilipomrudishia Mtoro uandishi wake. Ni huyu Mtoro aliyeoa Mjerumani, na ambaye mwaka 1905 alizuiwa na utawala wa kikoloni kushuka Dar es Salaam pamoja na mkewe, akalazimika kurudi Ujerumani. Alikuwa amefundisha maofisa lugha ya nchi ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuishi na mke wake. Jambo hili halihusiani moja kwa moja na uhariri wa ngano, lakini naliona ni vigumu kulisoma jalada lile bila kulikumbuka.

Kwa upande wa bara, kazi ilifanywa zaidi na wamisionari wa Kimoravian waliokuwa Unyamwezi. Edmund Dahl alitoa kamusi ya Kinyamwezi mwaka 1915, na Wilhelm Blohm akafuata na juzuu za Die Nyamwezi kati ya 1931 na 1933, mojawapo likiwa la matini. Carl Meinhof, aliyehamia Hamburg mwaka 1909 na kuifanya Hamburg kuwa kitovu cha isimu ya Kibantu, aliandaa mkusanyiko wa ngano za Kiafrika uliochapwa na Diederichs wa Jena katika mfululizo wake wa ngano za ulimwengu. Hapo ngano ya Mwafrika ilikuja kukaa katika rafu moja na ngano za Kassel, ikiwa imevaa Kijerumani kilekile cha bibi anayewasimulia wajukuu kando ya moto wa majira ya baridi.

Nikiwa mwanaisimu, naijua tamaa inayofanya kazi katika matini za namna hii. Tunataka sentensi iliyokamilika. Tunataka kitenzi kilichonyambuliwa vizuri. Hadhira inapoitikia, tunaihesabu kuwa kelele. Wimbo unapoingia, tunauruka kwa sababu vina vyake vya zamani vinaharibu jedwali la ngeli. Mulokozi (1989) alitukumbusha kuwa tanzu za fasihi simulizi haziwezi kuainishwa bila mazingira ya utendaji wake, na sote tunamnukuu katika sura ya pili ya tasnifu. Kisha katika viambatisho tunaleta ngano zilizokatwa hadhira, kama nyama ya duka iliyokwisha kutolewa mifupa.

Na palikuwapo njia nyingine, tena ya Mjerumani. Wilhelm Bleek, aliyezaliwa Berlin mwaka 1827, alianza Cape Town kama wengine: kitabu chake cha mwaka 1864 kilizikusanya ngano za wanyama za Wakhoikhoi, nyingi akiwa amezipata kwa wamisionari, na kikazipa jina la mbweha wa Ulaya. Lakini kuanzia mwaka 1870, yeye na shemeji yake Lucy Lloyd waliwachukua nyumbani kwao wafungwa wasemao |xam, wakajifunza lugha kwao, na wakajaza madaftari ambamo kila simulizi ina jina la msimulizi na tarehe, pamoja na mahali aliposema kuwa aliisikia kwa mama yake au kwa babu yake. ||Kabbo si Mwafrika fulani. Ni ||Kabbo, mwenye hamu ya kurudi kwao. Kitabu kilichotoka mwaka 1911, miaka 36 baada ya kifo cha Bleek, kina picha za wasimulizi hao. Walikuwa wafungwa, na jina halimfungui mtu minyororo. Lakini leo mjukuu wa mjukuu anaweza kufika kwenye hifadhi ile na kuuliza habari za mtu wake. Kwenye tasnifu yangu ya mwaka 1998 hawezi.

Bibi aliyetoka tumboni

Nirudi kwenye sikio. Wataalamu wa motifu wameishughulikia sana ngano ya mmezaji, na Usukuma si peke yake. Casalis, mmisionari Mfaransa, aliichapisha kwa Wasotho mwaka 1841: zimwi limemeza watu wote isipokuwa mama mmoja, mtoto analipasua, na kisu kinapoingia maelfu waliomo tumboni wanapiga kelele kuwa anawakata. Huko mambo yanakwenda mbali zaidi, maana waliookolewa wanamchukia mwokozi wao na mwishowe wanamwua. Kwa hiyo lalamiko la aliyeokolewa si uchafu ulioingia katika ngano kwa ulimi wa bibi mmoja wa Shinyanga. Ni sehemu ya mifupa yake.

Sasa ilinganishe na Kofia Nyekundu ya ndugu Grimm, ambayo waliipata kwa akina Hassenpflug. Katika Perrault, mwaka 1697, mbwa mwitu anamla bibi, anamla na msichana, na habari inakwisha. Katika Grimm anakuja mwindaji, anashika mkasi, anaupasua mwili wa mbwa mwitu, na bibi kizee anatoka akiwa anapumua kwa taabu. Kisha anakula keki, anakunywa divai, anapata nguvu. Mkasi haukumgusa. Hasemi neno juu ya namna alivyookolewa. Nimeisoma ngano hiyo mara nyingi, na ni baada tu ya kuyakumbuka madaftari yangu ndipo nilipoona jinsi bibi yule alivyo kimya.

Bibi wa Kisukuma si kimya. Ameokolewa na ameumizwa, na haoni kwa nini jambo la kwanza limfumbe mdomo kuhusu la pili. Jamii nzima inashangilia, inatafuta mtemi, na yeye peke yake anasimama na damu shingoni akidai asikilizwe. Ngano inamwita mchawi, ni kweli, lakini haimwui. Hapo ndipo nilipokosea mwaka 1998. Niliona neno uchawi nikafunga daftari, kumbe ngano yenyewe ilikuwa ikisema namna ya kumaliza kesi ambayo vijiji vilivyotuzunguka vilikuwa vikiimaliza kwa panga. Wanamtafutia dawa. Hasira ya kikongwe ina chanzo, chanzo kinaonekana kwa macho, na kinatibika. Msimulizi wangu alikuwa mwenyewe kikongwe, mwenye macho yaliyowekundu kwa moshi. Nadhani alijua vizuri kwa nini alikuwa akiisimulia sehemu ile polepole kuliko nyingine. Kwa kulifuta sikio ili nimlinde, nilifuta utetezi aliokuwa ameutunga.

Usomaji wa kitheolojia, kama ule wa Healey na Sybertz (1996), unaomfananisha Masala Kulangwa na Kristo, ni usomaji halali na una mizizi katika mahubiri ya Kanda ya Ziwa. Hatari yake ni kwamba humkaza macho msomaji kwa mwokozi. (Ajabu ni kwamba Injili nayo ina sikio: Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, alikatwa la kuume, na Luka anasema liliguswa likapona. Mhubiri angeweza kuanzia hapo.)

Mwaka 2017 niliisikia ngano hii tena, katika kambi ya wachimbaji wadogo wilayani Geita, kwa mama lishe aliyekuwa akiwapakulia ugali vijana waliotoka zamu ya usiku. Ilisimuliwa kwa Kiswahili, na Kisukuma kikarudi katika wimbo tu. Shing'weng'we alikuwa akiishi ndani ya duara. Watu hawakumezwa wakiwa shambani. Waliingia wenyewe mmoja mmoja kwa kamba, wakifuata mwamba wenye dhahabu. Vijana walicheka, wakataja Nyangalata, mgodi wa wilayani Kahama ambako Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Hadhira ilikuwa imekwisha kupata mfano wake kabla msimulizi hajamaliza. Na bibi kizee alikuwamo. Alikatwa sikio, akatoka, akaketi penye mdomo wa duara, akasema hatoki pale mpaka alipwe fidia. Hapo walicheka zaidi, maana katika ukanda ambao migodi mikubwa na vijiji ni majirani, fidia ni neno ambalo hata mtoto wa darasa la tatu analijua.

Niliiandika ngano hiyo kama ilivyosimuliwa, nikaipeleka katika jarida moja ambalo sina haja ya kulitaja. Msomaji-mtathmini alishauri nitafute tambo lililo safi zaidi, kwa kuwa hili limeathiriwa na mazingira ya mgodini. Sikumkasirikia. Alikuwa akiniambia maneno ambayo ningeweza kumwambia mwanafunzi wangu miaka 10 kabla. Lakini swali lake lina dhana ambayo historia ya Kassel imekwisha kuivunja, kwamba ipo ngano iliyokuwako kabla ya mazingira, na kazi yetu ni kuikwangua mpaka tuifikie. Akina Hassenpflug walisimulia wakiwa na Ufaransa vinywani mwao. Mama lishe alisimulia akiwa na sauti ya karasha masikioni. Sioni ni kwa kipimo gani ngano ya kwanza ihesabiwe kuwa urithi na ya pili kuwa uchafu, isipokuwa kipimo cha yule anayeshika kalamu.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito. Kutaja jina la msimulizi katika eneo ambalo kikongwe anaweza kudhuriwa kwa sababu ya maneno yake si heshima tu. Kunaweza kuwa hatari. Kwa hali kama hiyo mimi ningelificha jina, lakini ningesema kuwa nimelificha na kwa nini, na ningeliweka mahali ambapo familia yake inaweza kulidai. Jina lililofichwa kwa sababu iliyoandikwa lina njia ya kurudi. La kwangu halina. Vivyo hivyo kwa kipande kilichoondolewa: mhariri anaweza kukata, ilmradi aonyeshe alama ya kisu. Mama lishe wa Geita alipoulizwa alitaka jina lake liandikwe lote, pamoja na la kijiji alikozaliwa, na katika mkusanyiko ninaouandaa litaandikwa hivyo, juu ya ngano, mahali ambapo kwa desturi hukaa jina la mkusanyaji.

Ngano ya 1998 nimeamua kuichapisha pia, sikio likiwa limerudishwa kutoka katika mistari 6 ya daftari la uwandani na kutoka katika kumbukumbu yangu, kwa herufi za mlazo ili msomaji ajue kuwa hapo anamsikiliza mhariri. Kanda imekwisha kuharibika. Nilikaa kwa bibi yule siku tatu, nikala kwake, akaninunulia hata soda nilipoondoka. Muda wote nilimwita bibi, kama adabu inavyotaka, naye akaniita mjukuu wangu. Jina lake sikumwuliza.